Mama Koloneli wa Kisangani: uongozi wa mtu asiyepita kando

Aliyetoka Bukavu kwenda Kisangani hakuuliza sana habari za barabara. Msitu ni mrefu, matope ni mengi, na usalama njiani si wa kutegemea. Mwenye tikiti alipanda ndege na kushuka Bangboka, kisha akasafiri kama kilomita 17 hadi katikati ya mji, ambako toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, zilimngoja. Kati ya watu wanaoshuka Bangboka wako wafanyabiashara, askari waliohamishwa, wafanyakazi wa mashirika, na sisi watu wa kanisa wenye mifuko ya karatasi. Mara nyingi ndani ya mfuko mna daftari la semina, na mara nyingi semina yenyewe ni ya uongozi.

Sisemi hivi kwa dharau. Mimi mwenyewe nina beji tatu za semina hizo, na moja bado naitumia kama alama ndani ya Biblia. Tumefundishwa habari za maono, mpango wa miaka mitano, na namna ya kuendesha kikao. Walimu wanatoka mbali, na siku hizi wengine hawatoki chuo cha theolojia bali jeshini. Kati ya wanawake wa kundi hilo, anayejulikana sana ni Mmarekani Ann Dunwoody. Aliingia jeshini mwaka 1975, na tarehe 14 Novemba 2008 akawa mwanamke wa kwanza katika historia ya majeshi ya nchi ile kupewa nyota nne. Kazi yake kubwa ilikuwa kuongoza kamandi inayolipatia jeshi zima vifaa, kazi ambayo haipigiwi ngoma lakini bila hiyo hakuna askari anayekula wala gari linalotembea. Alistaafu mwaka 2012, akafungua ofisi ya ushauri wa uongozi, na mwaka 2015 akatoa kitabu.

Jambo lililonigusa katika mafundisho yake si mambo ya majenerali. Ni somo ambalo anasema alilipokea kwa sajini mmoja, mtu wa cheo cha chini kuliko chake, alipokuwa luteni kijana: ukiona kosa, usilipite. Ukilipita, umekwisha kuweka kiwango kipya, na kiwango hicho ni cha chini kuliko kile ulichokikuta. Wasomaji wa Luka 10 hawahitaji kufafanuliwa. Kuhani na Mlawi waliokuwa kwenye njia ya Yeriko walimwona mtu yule. Hawakumpiga, hawakumnyang'anya kitu. Walipita upande mwingine tu.

Kisangani ililiona somo hilo kwa macho, bila ada ya semina, katika kazi ya mama mmoja mwenye sare, Koloneli Honorine Munyole. Watu walimwita Mama Koloneli, na jina hilo ndilo likawa jina la filamu iliyomtangaza mbali. Niseme mapema kwamba yeye si wa FARDC. Ni afisa wa Polisi ya Taifa. Kwa raia anayesimamishwa kwenye kizuizi usiku, tofauti hiyo pengine ni ndogo. Kwa kazi yake ni kubwa, kwa sababu jeshi limewekwa dhidi ya adui wa nje, na yeye alipewa kushughulika na ubaya unaotendeka ndani ya nyumba, kwa jirani, shuleni, na hata kanisani.

Kwa miaka mingi alitumika Bukavu, akiongoza kikosi maalum cha polisi cha kulinda watoto na wanawake dhidi ya jeuri ya kingono. Mjane mwenye watoto wa kulea, aliamka kila asubuhi kwenda kusikiliza mambo ambayo wengi wetu hatuwezi kuyasikiliza mara moja kwa mwezi. Bukavu ya miaka ile wandugu wa Kivu mnaijua kuliko mimi. Ndiyo Bukavu ya hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya CEPAC, jumuiya ya ECC kama jumuiya zetu nyingine, ambako Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, aliwatibu wamama hata dunia ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Daktari alishona mwili. Polisi ilikuwa na kazi nyingine, isiyoshangiliwa sana: kumtafuta aliyetenda, kuandika maneno ya shahidi vizuri, na kuifikisha faili kwa mwendesha mashitaka kabla haijapotea.

Hapa kuna sheria ambayo kila mzee wa kanisa angepaswa kuijua. Tarehe 20 Julai 2006 zilitiwa sahihi sheria mbili, namba 06/018 na 06/019. Ya kwanza ilipanua maana ya ubakaji, kwa kuwa kanuni ya adhabu ya mwaka 1940 iliuelewa kwa ufinyu mno. Sasa aliyetendewa anaweza kuwa mwanamke au mwanaume, na mtoto wa chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa alikubali. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 20. Ya pili inahusu mwendo wa kesi. Polisi anayepokea mashitaka lazima amjulishe mwendesha mashitaka ndani ya saa 24, na kesi ya namna hiyo haiwezi kuzimwa kwa kulipa faini ofisini. Yaani serikali ilikwisha kuona desturi yetu ya kumaliza mambo kwa mbuzi, kreti ya bia na kikao cha jamaa mbili, ikasema kwamba hayo hayaizimi kesi.

Sheria ikiwa kwenye karatasi haina miguu. Inahitaji mtu wa kuibeba, na katika vituo vyetu vingi vya polisi mtu huyo hana mafuta ya gari, hana karatasi, na mshahara wake hauwezi kumshangaza mtu. Ndiyo sababu tabia ya afisa mmoja inakuwa na uzito. Mahali ambapo kila kitu kimetengenezwa, kiongozi akilala kazi inaendelea. Kwetu kiongozi akilala, mlango umefungwa.

Kisha likaja agizo la kuhamishwa: Kisangani. Mwenye sare haulizwi kama anapenda.

Kisangani ilimpokea na jeraha lake yenyewe. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Waboyoma wanaita jambo hilo vita ya siku sita, na hakuna anayeuliza siku sita zipi. Makombora zaidi ya 6,600 yalianguka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010 inataja raia waliouawa kati ya 244 na 760, kwa kadiri ya vyanzo mbalimbali, na wengine zaidi ya 1,000 waliojeruhiwa. Nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa, na hata kanisa kuu la Wakatoliki, Notre-Dame, liliumizwa. Mama Koloneli alipofika, ilikuwa imepita miaka kumi na mitano hivi. Akawakuta wajane wa siku zile sita na wanawake waliobakwa wakati ule, wakiwa wamezeeka wakingoja. Hawakuwa wamefichwa. Mji wote uliwajua. Walikuwa wamezoeleka, na mtu aliyezoeleka ni rahisi sana kumpita.

Angeweza kusema kwamba vita ile si faili lake. Kikosi chake kiliwekwa kwa kesi za leo, na majeshi yaliyopiga mji yalikuwa yamerudi makwao zamani. Badala yake aliketi nao akawasikiliza. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa koloneli: akasimama mbele ya watu wa mji na kuwaomba wachange. Si barua kwa shirika la Ulaya, si mradi wenye bajeti. Aliwaomba Waboyoma wenyewe, watu waliokuwa na shida zao, watoe walichokuwa nacho kwa ajili ya wamama wa mji wao. Wengine walitoa. Wengine walinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya serikali, na kusema kweli hawakukosea. Lakini wamama wale walihitaji kula jioni ile.

Kuhusu kazi ya serikali, niseme kwa ufupi, maana habari hiyo ingeweza kuwa makala nyingine. Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilihukumu tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ina hatia, na tarehe 9 Februari 2022 ikaweka kiasi: dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Malipo yaligawanywa katika mafungu ya kila mwaka ya milioni 65. Kati ya hukumu ile ya kwanza na hesabu ile ya mwisho ilipita miaka 16. Mjane haishi kwa hukumu.

Sasa watoto, na hapa ndipo habari inapoingia kwenye uwanja wa kanisa.

Huko Kisangani Mama Koloneli alikutana na watoto walioshitakiwa kuwa wachawi, ndoki kama tunavyosema mjini, watoto waliokuwa wameteswa. Aliwatoa walikokuwa. Tena kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuwapeleka, akafanya hesabu ya mama wa nyumba: hapa nina wanawake waliopoteza watu wao, hapa nina watoto waliokataliwa na watu wao. Akawaleta pamoja chini ya paa moja. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya uponyaji wa majeraha ya moyo, na sijui kama vinasema mengi zaidi ya hayo.

Namna mtoto anavyofanywa ndoki tunaijua sote, ingawa hatupendi kuieleza. Baba amefiwa na mke, au amepoteza kazi. Mtoto ni wa ndoa ya kwanza, au ni yatima anayekaa kwa mjomba. Anakojoa kitandani, ana kifafa, ni mkaidi, au ana akili kuliko wenzake. Siku moja mtu katika nyumba anakufa ghafla, na jina linatajwa. Bado lingeweza kuishia hapo, kwa maana jamaa nyingi zinasitasita. Kinachoondoa kusitasita ni mtumishi wa Mungu anayethibitisha. Anaomba, anaona, anasema ndiyo. Kisha mtoto anaachwa kwenye chumba cha maombi ili afunguliwe: siku tatu bila chakula, siku saba, maji ya pilipili machoni, fimbo, mpaka akiri. Na mtoto hukiri. Wewe ungekiri pia.

Lazima niseme langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji ambao sitautaja, nililala ugenini kwenye uwanja wa kanisa moja. Usiku nilimsikia mtoto akilia nyuma ya jengo. Asubuhi niliuliza, nikaambiwa kwamba yuko kwenye maombi, ni siku ya tatu, karibu ataachilia. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Mimi nilikuwa nimekuja kufundisha, na nikafundisha, nadhani vizuri, maana walinishukuru. Saa tisa nikapanda pikipiki nikaondoka. Siwezi kuwaambia mtoto yule alikuwa na miaka mingapi, kwa sababu sikuomba nimwone.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na inaliweka jambo hilo pamoja na kumtupa mtoto na kumnajisi. Sheria ya kulinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inaweka adhabu: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na faini ya faranga 200,000 hadi milioni 1. Angalieni vizuri kinachoadhibiwa. Si kumpiga tu. Kumpiga na kumtesa kuna adhabu yake. Kinachoadhibiwa hapa ni kumshitaki kwenyewe. Anayesimama mbele ya watu na kumtaja mtoto kuwa mchawi amekwisha kuvunja sheria, hata kama hakumgusa, hata kama alisema kwa machozi, hata kama alisema katika roho.

Ndugu mmoja mwombezi aliniuliza: je, serikali inataka kutuambia kwamba uchawi haupo? Hapana. Sheria haijibu swali hilo wala haiulizi. Inasema tu kwamba mtoto asibebeshwe. Wachungaji wanaweza kuendelea kubishana juu ya nguvu za giza mpaka jioni. Wakati huo mtoto awe nyumbani, amekula, amelala. Mtu akisikia uongozi wa Roho kwamba pafungwe siku saba, basi afunge yeye mwenye miaka 40.

Filamu ya Mama Koloneli ilitoka mwaka 2017. Aliyeitengeneza, Dieudo Hamadi, alizaliwa Kisangani mwaka 1984 na alisoma udaktari kabla ya kushika kamera. Anamfuata tu kazini, bila sauti ya kutueleza tuwaze nini. Mwaka huo huo ilionyeshwa Berlin, katika maonyesho makubwa ya filamu, na kati ya waliompa tuzo walikuwa majaji wa kiekumene, wanaotumwa na INTERFILM kwa upande wa Waprotestanti na SIGNIS kwa upande wa Wakatoliki. Maana yake ni kwamba watu wa makanisa, waliokaa katika ukumbi wa Ulaya, waliona kazi ya mama huyu wakasema hapa kuna ushuhuda. Ni filamu ya dakika 72. Nimeuliza katika makanisa matano ya mashariki ni nani ameiona. Mikono ilikuwa miwili, na mmoja alikuwa amechanganya na filamu nyingine.

Mbona inatuhusu hivyo? Kwa sababu polisi si wa kwanza kujua. Wa kwanza kujua ni mama anayekuja Jumatano kwenye kikao cha wamama na kukaa nyuma bila kuimba. Ni mwalimu wa shule ya Jumapili anayeona mtoto hataki kuketi. Mama Koloneli, hata angekuwa na magari kumi, angefika tu pale ambapo mtu amemwita. Katika miji yetu, mtu huyo mara nyingi ni mtu wa kanisa, na ndiye anayechagua kuita ama kupita.

Kwa hiyo yafaa kujua mambo machache kabla ya siku yenyewe. Aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kwisha, kwa kuwa dawa za kuzuia ukimwi hazifai kitu baada ya hapo. Za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi siku tano, lakini mapema ni bora. Tunawaambia wamama wamwogeshe na kumfulia nguo kwa huruma, kumbe tunaosha ushahidi. Asioge kwanza, na nguo ziwekwe ndani ya karatasi au kitambaa, si mfuko wa plastiki. Daktari aandike cheti, na nakala ibaki kwa jamaa. Mtu mmoja, mama aliye mtulivu, amsindikize kila mahali, ili asisimulie habari yake mara kumi kwa wanaume kumi. Hata saa 72 zikiwa zimepita, aende bado. Kuna magonjwa mengine ya kutibiwa, na kesi haifi kwa kuchelewa.

Kuhusu mapatano ya kirafiki: mchungaji akiombwa kuwa shahidi wa kikao ambacho baba anapokea mbuzi kwa ajili ya binti wa miaka 13, asiende. Najua uzito wa neno hilo. Mara nyingi jamaa zote mbili ni washiriki wake, na aliyetenda anaweza kuwa ndiye aliyetoa mabati ya kanisa. Koloneli naye alikuwa na wakubwa, na majirani, na watoto waliopita barabarani kwenda shule.

Bukavu, aliyoiacha alipopanda kuja huku, iliingia mikononi mwa M23 mwezi Februari 2025, na watu wake wametawanyika. Watoto wanaofika mijini bila wazazi ndio hao hao ambao kesho jirani atawatazama kwa jicho baya mtu akifa kwenye avenyu.

Kwetu tumeanza na kufuli. Chumba cha maombi sasa kina komeo la ndani tu, na mtoto haingii bila mzazi wake na mama mmoja wa kanisa. Wazee wawili hawakukubali. Kikao kilikwisha saa nne usiku, na Jumamosi tutakaa tena.